‘Maison Ikkoku’: Kwa nini mapenzi ya mjane yalichukua miaka saba

Na Mwandishi Wetu

MSOMAJI anayefungua kwa mara ya kwanza katuni za Kijapani za vichekesho vya mapenzi hupatwa na mshangao uleule. Kijana na msichana wanakutana katika kurasa za mwanzo. Kabla juzuu ya kwanza haijamalizika, dalili zote zimekwisha kujitokeza kwamba wawili hao watakuja kupendana. Baada ya hapo hufuata juzuu nyingine kumi, ishirini au zaidi, na kila neno la mapenzi linapofika kwenye ncha ya ulimi, simu inalia, mlango unagongwa au mvua inanyesha.

Swali linalozuka ni moja: kwa nini wanacheleweshwa hivyo?

Jibu jepesi ni biashara. Hadithi inayopendwa huuza jarida, na jarida linalouza halina haraka ya kuwaozesha wahusika wake. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi kueleza kwa nini wasomaji, wengi wao watu wazima wenye kazi na familia, wamekuwa tayari kusubiri miaka mingi, na kwa nini baadhi ya hadithi hizo zinasomwa tena na watu ambao wanajua fika mwisho wake.

Hadithi moja inafaa kuliko nyingi kulijibu swali hilo. Ni ‘Maison Ikkoku’, iliyotungwa na kuchorwa na Rumiko Takahashi, mwanamke wa Kijapani aliyezaliwa Niigata mwaka 1957. Ilitoka kwa mfululizo kuanzia mwaka 1980 hadi 1987, ikakusanywa katika juzuu 15. Ndani yake kuchelewa si hila ya mtunzi peke yake. Mwanamke anayependwa ni mjane kijana, na kinachosubiriwa ni yeye kuipata, kutoka ndani ya nafsi yake, ruhusa ya kupenda kwa mara ya pili.

Namna manga inavyosomwa

Manga ndilo jina ambalo Wajapani wanaziita hadithi za picha. Kwa kawaida hadithi hizo hazianzi maisha yake zikiwa vitabu. Hutoka kwanza sura moja moja katika majarida manene yaliyochapishwa kwenye karatasi ya bei nafuu, kila wiki, kila baada ya wiki mbili au kila mwezi. Jarida moja hubeba hadithi nyingi za watunzi mbalimbali, na msomaji akishalimaliza, mara nyingi hulitupa. Sura zikitosha ndipo hukusanywa katika vitabu vidogo vya karatasi bora, ambavyo msomaji huvinunua ili avihifadhi.

Majarida hayo hugawanywa kwa umri na jinsia ya wasomaji wanaolengwa. Yapo ya wavulana, yapo ya wasichana, yapo ya wanaume watu wazima na yapo ya wanawake watu wazima. Majarida mengi yalikuwa na desturi ya kuambatanisha kadi za maoni, na hadithi ambayo haikupendwa iliweza kukatishwa baada ya sura chache tu. Kwa sababu hiyo mtunzi wa manga huandika akijua kwamba kila sura inabeba mizigo miwili: imfurahishe aliyeinunua leo, na imfanye atamani kurudi toleo lijalo.

Anayezoea vitabu vinavyosomwa kutoka kushoto hana budi kujifunza upya mambo madogo. Kitabu hufunguliwa kutoka upande ambao kwake ni wa nyuma. Visanduku vya picha husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na kutoka juu kwenda chini. Tone kubwa la jasho kwenye paji la uso ni ishara ya kuona haya au kubabaika. Mishipa iliyochorwa kama msalaba kwenye kipaji ni hasira. Sauti za vitu huandikwa ndani ya picha kwa herufi kubwa, na hata ukimya una sauti yake ya kuandikwa, “shiin”, ambayo mchoraji huiweka pale ambapo watu wawili wamekosa la kusema.

Miaka ya mwanzo ambapo katuni hizo zilitafsiriwa katika nchi za Magharibi, wachapishaji wengi walizigeuza picha kama zinavyoonekana kwenye kioo ili zisomwe kutoka kushoto. Jambo hilo lilionekana dogo, lakini lilileta kasoro. Watu wa mkono wa kulia wakawa wa mkono wa kushoto. Zaidi ya hapo, Wajapani huvaa kimono kwa kuulaza upande wa kushoto juu ya upande wa kulia, na kinyume chake ni namna ya kumvika maiti. Picha ikigeuzwa, aliye hai huonekana amevikwa kama marehemu. Siku hizi matoleo mengi ya tafsiri huuacha mpangilio wa asili kama ulivyo.

Nyumba yenye saa iliyokufa

Vichekesho vya mapenzi huitwa na Wajapani “rabukome”, jina lililofupishwa kutokana na maneno waliyoyakopa kutoka Kiingereza. Aina hiyo ilishika kasi sana katika miaka ya 1980. Mitsuru Adachi alitoa ‘Touch’ kati ya mwaka 1981 na 1986, hadithi ya ndugu pacha, mchezo wa besiboli na msichana jirani. Izumi Matsumoto akatoa ‘Kimagure Orange Road’ kuanzia mwaka 1984 hadi 1987. ‘Maison Ikkoku’ ilitangulia kidogo. Ilianza katika toleo la kwanza kabisa la jarida la Big Comic Spirits la kampuni ya Shogakukan, lililolenga wanaume watu wazima. Takahashi alikuwa na umri wa miaka 23.

Ikkoku-kan ni jina la nyumba ya kupanga, ya mbao, kuukuu, katika kitongoji cha Tokyo. Neno “ikkoku” lina maana ya kitambo kifupi cha wakati. Juu ya nyumba hiyo ipo saa, na saa hiyo haifanyi kazi.

Ndani yake anaishi Yusaku Godai, kijana aliyeshindwa mtihani wa kuingia chuo kikuu na ambaye anajisomea kwa mwaka mzima ili aujaribu tena. Wajapani humwita mtu wa namna hiyo “ronin”, jina la kale la askari wa jadi aliyepoteza bwana wake na kubaki akizurura bila mahali pa kutumikia. Godai ni maskini, hana msimamo, na majirani hawamwachi asome. Bibi Ichinose wa chumba namba 1 anapenda umbeya, pombe na kucheza ngoma akiwa na vipepeo mikononi. Bwana Yotsuya wa chumba namba 4, ambaye hakuna anayeijua kazi yake, ametoboa ukuta ili aingie chumbani kwa Godai apendavyo. Akemi wa chumba namba 6 anafanya kazi katika baa na hupita ukumbini akiwa amevaa gauni jepesi la kulalia. Wote watatu wamekifanya chumba cha Godai, namba 5, kuwa ukumbi wao wa kunywea.

Hadithi inaanza Godai akiwa amefungasha mizigo, amechoka, anahama. Wakati huohuo mlango unafunguliwa na anaingia msimamizi mpya wa nyumba: Kyoko Otonashi, msichana mrembo aliyemzidi umri kwa takriban miaka miwili, akiwa na mbwa wake mkubwa mweupe. Godai anafungua mizigo yake.

Majina yenyewe ni mchezo ambao msomaji wa Kijapani huuona mara moja. Ichinose lina “ichi”, yaani moja. Yotsuya lina “yo”, nne. Godai lina “go”, tano. Roppongi, jina la ukoo la Akemi, lina sita. Kila mpangaji ana namba ya chumba chake ndani ya jina lake. Wale wanaokuja kutoka nje ya nyumba nao wanajaza nafasi zilizobaki: Mitaka ni tatu, Nanao ni saba, Yagami ni nane, Kujo ni tisa. Jina la Otonashi maana yake ni “bila sauti”, na sehemu yake ya mwisho ni kukosekana, yaani sifuri. Ni jina ambalo Kyoko hakuzaliwa nalo. Alilipata kwa ndoa, na aliyempa amekwisha kufa.

Mbwa mwenye jina la marehemu

Godai hajui hayo mwanzoni. Anachosikia ni kwamba Kyoko anamtaja mara kwa mara “Soichiro-san” kwa sauti yenye upendo, na mbwa ndiye anayeitika. Baadaye anabaini kwamba Soichiro lilikuwa jina la mume. Alikuwa mwalimu katika shule ya sekondari aliyosoma Kyoko. Msichana alimpenda akiwa mwanafunzi, akaolewa naye baada ya kumaliza shule licha ya wazazi wake kupinga, na mumewe akafariki dunia baada ya muda wa nusu mwaka hivi. Baba mkwe, mwenye nyumba ya Ikkoku-kan, ndiye aliyempa kazi ya usimamizi ili apate mahali pa kuishi na jambo la kumshughulisha.

Kuanzia hapo msomaji anaelewa kwamba Godai hashindani na mwanamume wa kawaida. Mshindani aliye hai anaweza kukosea, kuzeeka au kuudhi. Marehemu hakosei tena. Takahashi alilionyesha jambo hilo kwa njia ya picha: katika juzuu zote 15, sura ya Soichiro haionekani hata mara moja. Akikumbukwa, uso wake umefichwa kwenye kivuli. Godai anatamani kumwona mtu anayelinganishwa naye, na msomaji anatamani pamoja naye, lakini hakuna anayemwona.

Mzigo wa Kyoko ni mzito kuliko huo. Wazazi wake wanamhimiza aachane na familia ya marehemu na kurejea kwa jina lake la usichana, Chigusa, jambo ambalo sheria ya Japani humruhusu mjane kulifanya. Baba mkwe, ambaye hana kinyongo naye, anamshauri vilevile asiyafungie maisha yake kaburini. Kwa hiyo hakuna anayemzuia. Anayejizuia ni yeye, kwa kuwa anaona kwamba siku atakayompenda mwingine ndiyo siku ambayo Soichiro atakuwa amekufa kweli. Isitoshe, anahofu kwamba kama ataweza kumsahau, basi mapenzi yake ya kwanza hayakuwa na thamani aliyoapia.

Hapo ndipo tofauti ya hadithi hii inapoonekana. Katika vichekesho vingi vya mapenzi, kizuizi ni aibu, kiburi au kutojua. Hapa Godai hachelewi kutamka. Mapema kabisa katika mfululizo, akiwa amelewa, anarudi nyumbani usiku akipaza sauti mtaa mzima kwamba anampenda Kyoko. Majirani wamesikia, Kyoko amesikia. Kinachobaki kwa zaidi ya sura 150 zinazofuata ni mwanamke aliyesikia na ambaye hajaweza kujibu.

Kicheko kinavyotengenezwa

Pamoja na msiba huo, ‘Maison Ikkoku’ inachekesha, na inachekesha kwa ufundi unaoweza kuelezwa. Chombo chake kikuu ni kutoelewana. Mtu mmoja anajua nusu ya jambo, mwingine anajua nusu nyingine, na msomaji pekee ndiye anayejua zote mbili.

Mfano mmoja ni miadi ya Godai na Kyoko. Jina la mkahawa linataja mahali pa kukutana, lakini linasikika vibaya kwenye simu, na kila mmoja anaenda kwenye mkahawa wenye jina linalofanana na la mwenzake. Wote wawili wanasubiri kwa saa nyingi, kila mmoja akiamini ameachwa. Mfano mwingine ni Shun Mitaka, kocha wa tenisi, tajiri, mwenye meno yanayong’aa, anayemtaka Kyoko waziwazi na kwa heshima. Mitaka angeshinda mapema lau si jambo moja: anaogopa mbwa hadi kuzimia, na mbwa wa Kyoko anampenda mno.

Kutoelewana kukubwa kuliko kote kunaamua hatima ya Mitaka mwenyewe. Familia yake inamtafutia mchumba, Asuna Kujo, binti mpole aliyelelewa na mbwa wengi. Baada ya tukio moja la usiku lililomwacha Mitaka bila kumbukumbu, anapata habari za ujauzito na kuamini kwamba Asuna amebeba mtoto wake. Kwa uungwana anamposa. Ukweli unakuja baadaye: mwenye mimba alikuwa mbwa wa Asuna, na baba ni mbwa wa Mitaka. Lakini posa imekwisha kutolewa, na Mitaka haivunji.

Kila kichekesho cha namna hiyo kinaacha kitu nyuma. Msomaji anacheka juu ya miadi iliyopotea, halafu anakumbuka kwamba Kyoko aliyesubiri saa hizo zote ni mtu aliyewahi kumsubiri mwingine ambaye hakurudi tena. Ndiyo sababu hasira yake huonekana kubwa kuliko kosa. Kicheko na majonzi havipokezani zamu katika hadithi hii. Vinakaa katika kisanduku kimoja cha picha.

Ni kweli pia kwamba hadithi ina udhaifu. Godai anamwacha Kozue Nanao, msichana mwema anayemwona kuwa mchumba wake, aendelee kuamini hivyo kwa miaka kadhaa kwa sababu tu hana ujasiri wa kumweleza ukweli. Msomaji wa leo anaweza kukosa uvumilivu na jambo hilo. Anaweza pia kutambua kwamba sehemu kubwa ya mikasa ingemalizwa na simu moja ya mkononi. Simu za wapangaji zilipokewa na msimamizi, hivyo Kozue alipompigia Godai, aliyeinua mkono wa simu alikuwa Kyoko.

Wakati usiorudi nyuma

Ili kuielewa thamani ya miaka saba hiyo, inafaa kuitazama kazi nyingine ambayo Takahashi aliichora wakati huohuo. Tangu mwaka 1978 alikuwa akitoa ‘Urusei Yatsura’ katika jarida la wavulana la Shonen Sunday, hadithi ya msichana kutoka sayari nyingine na mvulana mhuni wa sekondari. Humo wahusika hawakui. Majira yanapita, sikukuu zinarudi, lakini darasa ni lilelile. Hadithi hiyo ilifikia juzuu 34, nayo ikamalizika mwaka 1987.

Katika ‘Maison Ikkoku’ mtunzi huyohuyo alifanya kinyume. Mwaka unapopita kwa msomaji, unapita pia kwa wahusika. Maua ya cheri yanachanua, mvua za mwezi Juni zinanyesha, Krismasi inafika na vijana wa Tokyo wanatafuta wenza wa kutoka nao, mwaka mpya unaingia. Godai anafaulu kuingia chuo kikuu. Anahitimu bila kupata ajira ya maana. Anafanya vibarua, kisha anajikuta katika kilabu cha usiku, ambako kazi yake inageuka kuwa ya kuwaangalia watoto wa wanawake wanaofanya kazi hapo. Ni katika kazi hiyo, ambayo wengi wangeidharau, ndipo anapotambua kipaji chake. Anasomea ualimu wa watoto wadogo, na kijana aliyeanza bila mwelekeo anamaliza akiwa na kazi anayoipenda.

Mabadiliko hayo yana maana moja kubwa kwa mapenzi. Godai wa juzuu ya kwanza hakustahili kujibiwa, na Kyoko wa juzuu ya kwanza hakuwa na jibu la kutoa. Kama mtunzi angewaoza mapema, angeoza kijana asiyejimudu na mwanamke ambaye machozi yake yalikuwa hayajakauka. Miaka saba ndiyo iliyowatengeneza. Msomaji aliyeifuata hadithi hiyo tangu mwaka 1980 akiwa mwanafunzi huenda mwaka 1987 alikuwa mfanyakazi. Alikuwa amekua pamoja nao.

Katikati ya safari hiyo ipo sehemu inayolionyesha jambo hilo vizuri. Godai anapelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule ileile ya wasichana aliyosoma Kyoko. Mwanafunzi mmoja, Ibuki Yagami, anampenda na kumfuata hadi Ikkoku-kan. Kyoko anakasirika, lakini hawezi kumlaumu binti huyo moja kwa moja, kwa kuwa anachokiona mbele yake ni yeye mwenyewe, msichana wa sekondari aliyempenda mwalimu wake wakati kila mtu alisema ni upuuzi. Kwa mara ya kwanza analazimika kuyatazama mapenzi yake ya zamani kutoka nje, na anatambua kwamba mwanamke anayeona wivu leo si yule msichana tena.

Kaburini

Mwisho wa hadithi hii unajulikana sana miongoni mwa wapenzi wa manga, na kuueleza hakumwibii msomaji kitu, kwa kuwa uzito wake hauko katika kujua kitakachotokea. Kyoko anakubali posa kwa sharti moja: Godai aishi zaidi yake, japo kwa siku moja tu, kwa kuwa hawezi kuzikwa tena na upweke ule kwa mara ya pili. Ni sharti ambalo hakuna binadamu anayeweza kuliahidi kwa uhakika, na wote wawili wanalijua hilo.

Kabla ya harusi, Kyoko anaamua kurudisha kwa baba mkwe vitu vya marehemu alivyokuwa amevihifadhi. Godai naye anakwenda peke yake kwenye kaburi la Soichiro. Hajui kwamba Kyoko yupo nyuma yake, chini ya miti ya cheri. Anachokisema hapo si maneno ya mshindi. Anakiri kwamba alimwonea wivu marehemu, kwamba Soichiro ni sehemu ya moyo wa Kyoko tangu siku walipokutana, na kwamba atamchukua Kyoko pamoja na yeye.

Kwa maneno hayo, swali lililomfunga Kyoko kwa miaka yote linapata jibu ambalo hakulitarajia. Alidhani anapaswa kuchagua kati ya kukumbuka na kupenda. Godai anamwonyesha kwamba mwanamke aliyempenda alikuwa tayari ameumbwa na ndoa ile ya kwanza, na kwamba kumfuta Soichiro kungekuwa kumfuta Kyoko. Marehemu hakufukuzwa ili nafasi ipatikane. Nafasi iliongezwa.

Kurasa za mwisho zinarudi pale zilipoanzia. Kyoko na Godai wanarejea Ikkoku-kan wakiwa na mtoto wao wa kike, Haruka. Majirani walewale wanatoka kuwapokea kwa makelele yaleyale. Nyumba ni ileile kuukuu.

Urithi wake

‘Maison Ikkoku’ ilitengenezwa kuwa katuni ya televisheni yenye sehemu 96, iliyoonyeshwa nchini Japani kuanzia Machi 1986 hadi Machi 1988. Takahashi hakupumzika. Mwaka uleule alioimaliza alianza ‘Ranma ½’, iliyoendelea hadi mwaka 1996, kisha ‘Inuyasha’, iliyomalizika mwaka 2008. Mwaka 2017 nakala za vitabu vyake vyote zilitangazwa kuvuka milioni 200. Mwaka 2018 aliingizwa katika orodha ya heshima ya tuzo za Eisner nchini Marekani, na mwaka 2019 akapewa tuzo kuu ya tamasha la katuni la Angoulême nchini Ufaransa.

Vichekesho vya mapenzi vilivyofuata vimechukua mengi kutoka kwake: nyumba moja yenye wapangaji wengi, mshindani tajiri, msichana wa tatu asiye na kosa, miadi inayoharibika. Vifaa hivyo ni rahisi kuvikopa. Kilicho kigumu ni kuwa na sababu ya kweli ya kumsubirisha msomaji, na mfululizo usio na sababu hiyo hujulikana haraka, kwa kuwa wahusika huonekana wamekatazwa na mtunzi tu, si na maisha yao.

Kwa anayetaka kuanza, toleo jipya la Kiingereza lilianza kutoka mwaka 2020 katika juzuu 10 nene, likifuata mpangilio wa asili wa kulia kwenda kushoto. Njia bora ya kulisoma pengine ni ileile ya wasomaji wa kwanza, yaani kidogo kidogo. Sura moja ni kurasa ishirini hivi, za kusomwa ndani ya treni au kabla ya kulala. Anayekimbilia mwisho ili ajue kama wataoana atapata jibu analolijua tangu mwanzo, na atakosa kile kilicholifanya jibu hilo kuwa na uzito.

Waswahili husema subira yavuta heri. Katika nyumba ile ya Tokyo yenye saa iliyokufa, subira haikukaa bure ikingoja heri ije. Ilimfundisha kijana mmoja kazi, ikamruhusu mjane mmoja kulia hadi alipotosheka, na siku heri ilipofika iliwakuta wote wawili wakiwa tayari kuipokea.